Ukuta Nilioushika kwa Bega

Tarehe 4 Februari

Kwa mpwa wangu, muuguzi mkuu wa hospitali nzima (najua cheo hawajakupa, mimi nimeshakupa),

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatisha. Kila nikifika patamu unasema, "Mjomba, nina wagonjwa." Barua haina wagonjwa. Utaisoma mpaka mwisho au utaichana, lakini hutaniambia nifupishe.

Mama yako hajambo. Sasa hivi ninavyoandika yuko juu ya paa anaanika shuka za nyumba za wageni, na vibanio mdomoni, kwa hiyo leo hajanigombeza. Mimi nami sijambo, ila makufuli hayaji. Hawa watu wa Eneo la Ubunifu waliotuzunguka pande zote wanafungua milango kwa kadi. Mtu anaupapasa mlango kama anaubembeleza, unafunguka. Ufunguo wa mwisho niliouchonga ulikuwa wa kabati la Kiraka, yule fundi viatu wa chumba cha pili, na ndani ya kabati hamna kitu. Nikamuuliza, unafungia nini? Akasema, "Nafungia hewa, isije ikaingia hadithi yako." Umemsikia mshenzi huyo.

Sasa sikia. Jumanne walikuja watu wanne wenye vizibao vinavyong'aa na vipimo vya kusimama kwa miguu mitatu. Wakapima kuta, wakapima ngazi, wakapiga picha mpaka bomba la maji machafu. Kiongozi wao ni mama mmoja mwenye kishikwambi, mpole, kucha safi. Akauliza kwenye korido, "Nani hapa analijua jengo hili kuliko wote?" Mpwa wangu, unadhani Kiraka alifungua mdomo? Alitazama viatu. Nikasema, "Mama, umefika." Akavuta kiti changu mwenyewe akanikalisha, akatuma soda, akasema, "Tunaomba utueleze historia yake, Mzee." Mzee! Mimi wa miaka hamsini na miwili. Lakini sikukataa.

Nikaeleza. Nilimwambia mwaka wa mvua kubwa, ukuta wa ngazi ulivyoanza kulala kama mtu mwenye usingizi, nami nikauwekea bega hili la kulia, kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama, nalishwa uji kwa kijiko, mpaka ukuta wenyewe ukaona haya ukarudi. Nilimwambia ufa wa nyuma ya karakana yangu, ambao paka alizaa humo watoto sita, na siku nyundo yangu ilipodondoka ndani nikasikia ikipiga maji huko chini, chubwi! Nilimwambia paa lilivyozama nikalinyanyua kwa jeki nne za lori huku dada anaanika, asijue. Yule mama hakucheka hata mara moja. Kila neno aliandika. Akaniuliza, "Jeki nne?" Nikasema, "Nne, na moja ilipinda." Akaandika, moja ilipinda.

Sijawahi kusikilizwa namna ile tangu nizaliwe. Mwisho nikaweka sahihi kila ukurasa, sahihi yangu ile yenye mkia. Naamini wanataka kuliandikia jengo letu kitabu. Wakiniita kwenye uzinduzi utaomba ruhusa kazini.

Mjomba wako,
Fundi Mkuu wa Makufuli na Vitasa


Tarehe 13 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua nimeipata na nimeisoma yote, bila kuikatisha.

Karatasi uliyosaini iliandikwa nini juu kabisa? Kabla ya historia, kabla ya jina lako, pale kwenye kichwa. Walikuachia nakala? Watu wanaoandika vitabu hawaji na vipimo vya miguu mitatu.

Na ukuta ule. Mwaka wa mvua kubwa nilikuwa na miaka tisa, si mtoto wa kubebwa. Plasta ya ngazi ilianguka, ndiyo. Mama alimleta mwashi, akafanya kazi siku mbili, nikambebea mchanga kwa ndoo ya kuchezea. Wewe ulikuwa chumbani una homa, umejifunika blanketi mbili, unaomba chai ya tangawizi. Paka aliyezaa alizaa kwenye sanduku la viatu vya Kiraka.

Sikuandikii haya ili nikuudhi. Sisi wa pale jengoni tumezoea. Tangu tukiwa watoto mama alitufundisha: mjomba akisema kumi, andika moja, na mheshimu. Lakini yule mama mwenye kishikwambi hakufundishwa. Yeye ameandika kumi.

Niulizie hiyo nakala, Mjomba. Usichelewe.

Mpwa wako


Tarehe 1 Machi

Mpwa wangu usiyeamini,

Nakala hawakuniachia kwa sababu sikuomba, na sikuomba kwa sababu mtu mzima haombi risiti ya maneno yake. Kuhusu homa, nilikuwa na homa BAADA ya kushika ukuta. Homa ilitokana na nini unafikiri?

Haya. Nikupe habari, na usimpigie mama yako kelele, ana shinikizo la damu. Wamebandika notisi mlangoni. Warithi wa mwenye nyumba wameshauza, wanunuzi ndio hao hao wa Ubunifu, na wanataka kuweka pakingi. Ndiyo, pakingi. Wamejenga maghorofa ya vioo saba, wameyajaza watu wenye akili nyingi, halafu ndiyo wakakumbuka kwamba watu wenye akili wana magari. Kiraka amesoma notisi kwa sauti kwenye korido, akauliza, "Na hawa wabunifu, hawakuweza kubuni mahali pa kuegesha?" Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Dada hakucheka. Alisoma akiwa na beseni kiunoni, akasoma tena, akapanda juu akaendelea kuanika. Jioni akaniambia, "Mdogo wangu, mimi chumba nitapata popote. Paa kama hili sitapata." Unajua mwenyewe paa hili, lilivyo bapa, linavyopigwa jua tangu asubuhi, upepo unapita bila vumbi. Shuka arobaini kwa mkupuo. Zile nyumba za wageni zinampa kazi dada kwa sababu ya paa, si kwa sababu ya sabuni.

Lakini usiwe na wasiwasi. Kuna kikao tarehe 22, kamati itasikiliza wapangaji, na kamati hiyo mimi nina mtu wangu ndani. Yule mama mwenye kishikwambi. Nikimwendea na kumwambia jengo hili ni historia, na historia yenyewe anayo mkononi, atatutetea. Nilishakwenda ofisini kwao mara moja. Mlinzi akasema yuko kwenye mkutano, lakini alinitazama kwa heshima.

Dada anauliza nani aliwaambia wapimaji kwamba jengo ni bovu. Nimemwambia ni warithi. Watakuwa warithi.

Mjomba wako


Tarehe 9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Naomba usome barua hii ukiwa peke yako, mlango umefungwa.

Niliandikia ofisi ya mipango kama mtoto wa mpangaji, wakanitumia ripoti kwa posta. Kurasa kumi na moja. Ya saba na ya nane ni wewe.

Kwanza uelewe hili. Jengo letu limo kwenye orodha ya majengo ya zamani. Majengo ya orodha hiyo hayabomolewi kwa sababu ya maegesho, hata mnunuzi awe nani. Yanabomolewa kwa sababu moja tu: yakithibitika ni hatari kwa wanaokaa ndani. Vipimo vyao havikuthibitisha. Ukurasa wa tano mhandisi wao mwenyewe anasema kuta ni nene, msingi hauonyeshi dalili ya kutitia, nyufa ni za plasta. Nusura waondoke mikono mitupu.

Halafu unakuja ukurasa wa saba. Nanukuu kama ulivyo.

"Shahidi namba moja, fundi, mkazi wa miaka ishirini na sita, anathibitisha kwamba ukuta wa ngazi uliwahi kuinama kiasi cha kuhitaji kuzuiwa kwa nguvu ya mwili kutwa nzima. Anathibitisha kwamba chombo kilichodondoka ndani ya ufa wa nyuma kilisikika kikipiga maji, jambo linaloashiria uwazi mkubwa chini ya msingi. Anathibitisha kwamba paa liliwahi kuzama na kunyanyuliwa kwa jeki nne, na moja kati ya hizo ilipinda kwa uzito."

Na chini yake: "Kwa kuzingatia ushahidi wa mkazi, kamati inashauriwa kulihesabu jengo kuwa hatari."

Nilisoma nikiwa kwenye zamu, nimesimama mbele ya kabati la dawa. Mjomba, hawakuwa wanaandika kitabu.

Lakini bado. Ripoti inasema shahidi yeyote anaweza kubadili maelezo yake mbele ya kamati, tarehe 22, saa tatu asubuhi. Hakuna mwingine aliyesema jengo ni bovu. Ukiondoa maneno yako, ripoti inabaki na ukurasa wa tano, na ukurasa wa tano unatuokoa. Huhitaji hotuba. Huhitaji kumjua mtu. Simama, sema: "Nilidanganya." Neno moja. Halafu kaa.

Mama sijamwambia. Na sitamwambia. Nimeona hilo ni lako kumwambia au kutomwambia, nisikuvunjie heshima mbele ya dada yako. Wewe kaseme tu pale kwenye kikao, yaishe, turudi kuandika moja badala ya kumi kama zamani.

Tafadhali, Mjomba. Nakuomba kama mtoto wako.

Mpwa wako


Tarehe 15 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mlango umefungwa kama ulivyosema. Nimeufunga kwa komeo kabisa, Kiraka akadhani nimekufa, akagonga kwa nyundo.

Sikujua. Hilo uniamini. Mtu akikuletea soda, akakuita Mzee, akakuuliza jeki ya tatu ilikuwa upande gani, utajuaje kwamba anachimba?

Unasema neno moja. Wewe neno moja kwako ni neno moja. Niache nikueleze mara moja tu, na sitarudia. Shule niliacha darasa la tano. Huwa nasema mwalimu aliniomba niondoke kwa sababu nilikuwa nimemaliza maarifa yake. Si kweli, nilishindwa kusoma ubaoni, na kila nikisimama kusoma darasa zima lilikuwa linacheka. Siku moja nikasema, badala ya kusoma nitawahadithia, na wakanyamaza. Tangu hapo hadithi ndiyo kiti changu. Nina tupa tatu za kuchongea funguo, nina jiriwa, kile kibanio cha chuma, nina hizo hadithi. Makufuli yamekufa. Unaniomba nisimame mbele ya kamati, mbele ya Kiraka na wapangaji wote na dada yangu aliyenilea, nivue nguo.

Nitazivua. Usilie huko kwenye dawa. Tarehe 22 nitavaa shati langu la bluu, nitasimama, nitalisema hilo neno. Nimelifanyia mazoezi mbele ya jiriwa. Mara ya kwanza halikutoka. Mara ya nne limetoka.

Umefanya vizuri kutomwambia dada. Atalisikia pale pale pamoja na wengine, na jengo litakuwa limepona, atakosa nafasi ya kunichukia.

Mjomba wako


Tarehe 23 Machi

Mwanangu mpenzi,

Simu yangu imeingia maji ya sabuni, imezima. Naandika kwa mkono, na mkono umechubuka kwa sabuni hiyo hiyo, utavumilia herufi.

Kikao kilikuwa jana. Tulikwenda wote, hata yule bibi wa chumba cha juu tulimshusha kwa kiti. Ukumbi una viyoyozi, tulikaa tunatetemeka. Wanakamati watano mezani, na yule mama wa kishikwambi pembeni. Wakasoma ripoti. Mimi nilikuwa nimekaa na mjomba wako, nimemshika mkono kwa sababu ulikuwa wa baridi, nikadhani ni viyoyozi.

Wakasoma maneno ya shahidi namba moja. Mwanangu, nilianza kutabasamu kabla sijaelewa. Ukuta, ufa, jeki. Nikasema moyoni, huyu naye anasema kama mdogo wangu. Ndipo nikageuka nikamwona uso.

Mwenyekiti akamwita. Akamwuliza kwa adabu kabisa, "Mzee, tumearifiwa una marekebisho." Akasimama na shati lake la bluu, nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe na wanga. Akasema, "Mheshimiwa, kuhusu huo ukuta." Nikaona midomo inacheza. Nikaona neno linakuja, sikujua ni neno gani, lakini nilimwona kama mtu anayetapika.

Ndipo Kiraka akacheka. Hakukusudia ubaya, nina hakika. Wasiwasi ulimbana, akacheka, akasema kwa sauti, "Huyu? Huyu ndoo ya maji anaomba abebewe, ukuta ataushika na nini?" Ukumbi wote ukacheka. Wapangaji, walinzi, hata mwenyekiti alifunika mdomo. Mimi nilicheka, mwanangu. Mungu anisamehe, na mimi nilicheka.

Mjomba wako akamtazama Kiraka. Akanitazama mimi. Halafu akafungua kifungo cha shati, akashusha kola mpaka begani, akasema, "Nilishika. Kwa bega hili." Akawaonyesha kovu. Unalijua lile kovu, ni la jipu alilopasuliwa utotoni, mimi ndiye niliyembeba mgongoni kwenda kulipasua.

Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo unathibitisha?" Akasema, "Nathibitisha." Na hakukomea hapo. Akawaongezea na jeki ya tano.

Haikuchukua hata dakika kumi baada ya hapo. Tumepewa siku sitini.

Nje aliniambia yote, na akaniambia kwamba wewe ulijua. Ulijua tangu tarehe tisa. Mwanangu, yule mwashi aliyeutengeneza ukuta ule bado yuko hai. Anakaa mtaa wa pili, mbele ya duka la magodoro, nampita kila nikienda kuchukua shuka. Ningemshika mkono nikamwingiza ukumbini. Angesema: nilibandika plasta, mifuko miwili ya saruji, ukuta ni mzima. Ulinyamaza ili mjomba wako asiaibike. Mimi je, aliyefikiria paa langu ni nani?

Sina hasira ya kukutukana. Nina hasira ya kunyamaza tu, na wewe unajua nikinyamaza ninakuwaje. Nitakuja kukaa kwako mwezi wa tano. Tafuta mahali pa kamba, hata fupi.

Mama yako


Tarehe 2 Julai

Mpwa wangu,

Barua nne nimekuandikia tangu Machi, zote nimezichana. Hii nitaituma kabla sijaisoma.

Wamebomoa. Mashine ilikuja Jumatatu moja mwishoni mwa Mei, kubwa, ya njano, dereva wake kijana mpole aliyeniamkia kila asubuhi. Vyumba vya juu viliondoka kabla ya chakula cha mchana. Paa liliteremka zima zima kama sinia. Karakana yangu ilimalizika kwa pigo moja, sikuwa nimeondoa meza. Lakini ukuta wa ngazi, mpwa wangu, ukuta wa ngazi ulikataa. Siku tatu. Dereva alivunja jino moja la mashine yake, akateremka, akauzunguka akiupigapiga kwa kiganja, akaniuliza, "Mzee, nani alisema huu ni mbovu?" Kiraka alikuwa amesimama karibu yangu. Alinitazama, nikamngoja aseme. Akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Bora angesema.

Nyuma ya karakana, pale kwenye ufa, walichimba mita mbili wakitafuta maji. Kukavu. Udongo mwekundu, mgumu kama jiwe.

Sasa pamemwagwa lami, pamechorwa mistari myeupe. Magari thelathini na nne. Wamenipa kazi, usicheke. Nina kizibao kinachong'aa, nina kiti na mwavuli, naelekeza magari: kata kushoto, nyoosha, rudi kidogo, hapo hapo. Yule mama wa kishikwambi ndiye aliyenitafutia. Huegesha hapa. Jana aliniambia nimsimulie tena ya jeki, ana mgeni ndani ya gari. Nikasimulia. Mgeni alifurahi sana. Nilipomaliza nilikwenda nyuma ya kibanda nikakaa.

Nimepima kwa hatua, nimejua kila kitu kilikuwa wapi. Mstari wa nane ni kitanda changu. Wa kumi na tisa ni mlango wa Kiraka. Wa ishirini na sita ni jiko la dada, pale alipokuwa akichemsha shuka, na kila siku saa mbili kasoro gari moja jeupe linaegesha hapo mpaka jioni. Mwenye gari namsalimia.

Dada hapokei simu yangu. Nilimtumia salamu kwa mtu wa basi, mtu wa basi akarudi nazo.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa mkono wangu, na uuone mkono wenyewe. Nilidanganya. Ukuta sikuushika. Nilikuwa na homa. Nyundo haikuanguka popote, ninayo mpaka leo. Jeki sijawahi kumiliki. Nilidanganya siku ya kwanza kwa sababu nilipewa soda, na siku ya pili kwa sababu nilichekwa, na ile ya pili nilikuwa najua.

Msomee dada. Msomee kwa sauti, hapo penye hilo neno usilipite haraka. Halafu uniandikie alichosema, hata kama ni matusi. Matusi yake nayajua, nimelelewa nayo. Kimya chake ndicho sikijui.

Mjomba wako


Tarehe 11 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Nimemsomea. Alikuwa dirishani anapiga pasi sare zangu. Hapa kwangu hakuna paa, kuna kibaraza cha hatua mbili kinachotazama ukuta wa jirani, nguo zinakauka siku ya pili zikiwa na harufu. Nyumba za wageni alizozitafuta huku zimekataa. Anafua zangu tu. Nikivua sare jioni anaingojea mlangoni.

Hata mimi hazungumzi nami sana. Ananiambia chakula kiko tayari, ananiambia funga dirisha. Nilimwomba msamaha mara mbili. Mara zote mbili alisema, "Nimesikia."

Barua yako niliisoma yote, kwa sauti, tangu mashine ya njano mpaka mwisho. Kwenye ukuta uliokataa siku tatu aliweka pasi chini. Kwenye neno lile sikupita haraka. Nililisoma mara mbili.

Akaniuliza, "Kaandika mwenyewe?"

Nikamwambia ndiyo, kwa mkono wake, nikamwonyesha. Akaichukua, akaitazama muda, akanirudishia. Akainua pasi. Nikamwuliza, "Mama, nimjibu nini? Anangoja."

Akasema, "Mwambie neno hilo halikuwa la kuambiwa mimi wala wewe. Akaliambie lile gari lililoegeshwa jikoni kwangu."

Mpwa wako